Sura ya Nne: Njia Tatu za Potasiamu

"Kila maiti iliyomo humu ndani ina potasiamu ya kumwua mtu," Daktari wa Maiti alisema huku akivua glavu. "Unataka nikupimie yule kijana wa pikipiki aliyegongwa na lori? Utakuta imepanda vilevile. Naye mtasema amechomwa sindano?"

Inspekta hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mlango, funguo za gari mkononi, akizigeuza.

"Lakini maabara wameandika kwamba imezidi maradufu."

"Wameandika kweli. Na ukweli huo hauna maana yoyote." Daktari alifungua bomba, akanawa mpaka kwenye viwiko. "Sikiliza, dada yangu Inspekta. Potasiamu inakaa ndani ya seli. Nje, kwenye damu, inatakiwa iwe kidogo sana. Moyo unapiga kwa sababu ya tofauti hiyo, kama kinu cha maji: juu maji mengi, chini machache, gurudumu linazunguka. Yakilingana, gurudumu linasimama. Sasa mtu akishakufa, kuta za seli zinaachia, potasiamu yote inamwagika kwenye damu. Mkuu wako alipima kifo, hakupima sababu ya kifo."

Mkuu wake ndiye aliyeagiza kipimo hicho, na ndiye aliyekiamini. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Mzee mmoja, mjenzi mstaafu, alikuwa amefariki wodini alfajiri ya juzi. Mwanawe alikuwa amefika kituoni kabla jua halijapanda, akidai baba yake ameuawa na muuguzi ambaye walikorofishana naye mbele ya watu. Askari walipekua wodi, wakaokota kichupa kitupu cha kloridi ya potasiamu chini ya kitanda cha marehemu. Kisha majibu ya maabara yakaja. Ugomvi, kichupa, kipimo. Muuguzi alikuwa mahabusu tangu jana, na mchana huu angepandishwa kizimbani kusomewa shtaka la mauaji. Shtaka hilo halina dhamana. Akishasomewa, angesubiri gerezani mpaka kesi iishe, hata kama itaisha kwa kuachiwa.

"Kwa hiyo hakuchomwa," Inspekta alisema.

"Sijasema hivyo. Nimesema damu haiwezi kukuambia. Mkono wake ndio unaoweza kukuambia kidogo." Daktari alifunua shuka upande mmoja. "Tazama pale sindano ya dripu ilipoingia. Ngozi safi, mshipa laini. Potasiamu ikisukumwa bila kuchanganywa na maji inachoma mshipa, na mgonjwa mwenye akili zake anapiga ukelele wa kuamsha jengo. Halafu anakufa palepale. Haugui, anazimika."

"Je, muuguzi akikosea? Nimeambiwa vichupa vyake vinafanana na vile vya maji ya kuchanganyia dawa."

"Vinafanana kama mayai. Ndiyo maana hospitali zenye akili huvifungia kabati la peke yake. Lakini kosa hilo nalo lingemwua kwa dakika, si kwa siku." Akashusha shuka. "Potasiamu ina njia tatu za kukuua. Inaingia kwa mshipa, kwa kasi. Inaingia kwa mdomo, polepole. Au inakataa kutoka, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa. Hizi mbili za mwisho hupenda kutembea pamoja. Na figo za mzee huyu," alionyesha kwa kidole beseni la chuma, "zimesinyaa kama maembe yaliyosahaulika juani. Juu ya hayo alikuwa anameza vidonge viwili vya presha. Kimoja kati ya hivyo kinaizuia potasiamu isitoke."

"Vidonge tu vingetosha?"

"Alivimeza mwaka mzima, hakufa. Kitu fulani kiliongezwa."

Simu ya Inspekta ililia. Mkuu. Aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza, akatoka.

*

Wodi ya wanaume ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Kitanda cha marehemu kilikuwa kimetandikwa upya, shuka limevutwa likanyooka. Kwenye kitanda cha jirani alilala mtu mwembamba, kinyozi kwa kazi, ambaye wagonjwa wote walimwita hivyo hivyo: Kinyozi. Alikuwa anakula ndizi.

"Afande," alisema kabla hajasalimiwa, "mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wenzako waliinama, wakaokota kichupa changu, wakaondoka nacho kama wamepata dhahabu."

"Chako?"

"Changu mimi. Kilidondoka upande huu, kikabingirika kule. Tumbo liliniendesha mpaka nikaanza kusalimiana na marehemu wa ukoo. Misuli ikakaza, moyo ukawa unaruka mapigo. Daktari akasema, huyu madini yamemwisha, mwongezeeni potasiamu. Sista akavunja kichupa, akakiingiza kwenye mfuko wangu wa dripu, kisha akaanza kuupindua, juu chini, juu chini. Nikamwambia, Sista, mbona unaubembeleza, kwani umelia? Akasema usipochanganyika, dawa inashuka yote kwa mkupuo, nawe unaondoka nayo."

"Ukapona."

"Si unaniona nakula? Walinikataza ndizi siku ya kwanza kwa ajili ya tumbo, sasa wanasema nile. Zina madini hayohayo."

Inspekta aliinama, akautazama mkono wa Kinyozi. Kutoka kwenye plasta kuelekea kiwiko mshipa ulikuwa mwekundu na mgumu, kama kamba ya kiatu chini ya ngozi.

"Iliuma?"

"Ilipita kama pilipili, mkono mzima. Nilipiga kelele, mtu na ndevu zangu. Sista akaja mbio, akapunguza matone. Na hiyo, kumbuka, imo ndani ya maji mfuko mzima."

"Na mzee wa kitanda hiki? Alipiga kelele?"

Kinyozi aliacha kutafuna. "Yule? Alipiga kelele za kila aina. Godoro, mwanga, wali wa hospitali hakuutaka kuuona. Lakini kelele ya kuchomwa, hapana. Alilia miguu tu. Mizito, anasema, kama amevishwa viatu vya zege. Aliletwa hivyo kutoka kwao. Siku ya pili hawezi kuinua paja. Usiku ule akawa anapumua kama anayehesabu. Alfajiri akanyamaza."

"Kwa nini hukuwaambia askari haya?"

"Waliniuliza? Waliniambia nigeukie ukutani, nisiharibu ushahidi. Nikageuka. Mimi ni nani?"

Miguu mizito tangu nyumbani. Inspekta alishuka ngazi kwa haraka. Mtu aliyesukumiwa potasiamu mshipani hapati muda wa kulalamikia miguu siku mbili. Njia ya kwanza ilikuwa imefungwa. Simu ililia tena, na safari hii aliipokea.

"Uko wapi?" Mkuu aliuliza.

"Hospitali."

"Tena? Mtoto wa marehemu alikaa benchi langu tangu asubuhi, ndiyo kwanza nimemrudisha kwao akapumzike. Gari la mahabusu linaondoka mchana. Uje na kitu cha kushika mkononi, au uje unyamaze."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti viwili. Sista, yule muuguzi, aliletwa akiwa amekumbatia kifua chake kwa mikono yote miwili. Alipokaa, mikono ikalegea kidogo, na Inspekta akaona kwamba blauzi ilikuwa imelowa mbele, madoa mawili yenye kingo zilizokauka.

"Mtoto yuko kwa nani?"

"Kwa mama yangu. Hajui chupa. Anaitema." Sauti yake ilikuwa kavu. "Afande, uliza unachotaka kuuliza."

"Kichupa ni cha Kinyozi. Hilo nimelijua. Niambie ugomvi."

"Haukuwa ugomvi. Niliuliza swali." Alivuta pumzi. "Mzee alipoletwa tulimtoa damu. Maabara wakapiga simu, potasiamu iko juu sana, lakini damu yenyewe imevunjika chupani, leteni nyingine."

"Imevunjika vipi?"

"Chembe za damu zikipasuka, zinamwaga potasiamu yake, kipimo kinapanda hata kama mgonjwa hana tatizo. Wodini kwetu inatokea kila mara. Chupa zinashushwa maabara ndani ya ndoo ya mtu wa usafi, ngazi zote zile, zinagongana njia nzima. Tumezoea. Jibu la potasiamu likija juu, daktari anasema ni ndoo hiyo. Hata hilo alisema ni ndoo. Tulipokwenda kumtoa damu nyingine alfajiri ile, tukamkuta mwenyewe ameshaondoka."

"Lakini wewe hukuamini kwamba ni ndoo."

"Nilikuwa nimemshika miguu, afande, ikawa haina nguvu. Na mapigo yalikuwa ya taratibu mno. Nikamwuliza mwanawe, mbele ya wageni waliokuja kumwona, mzee anakula nini nyumbani? Kuna dawa za kienyeji? Kuna chumvi ya aina yoyote? Akanijia juu. Akasema namtuhumu kwamba anamlisha baba yake sumu. Chumvi hagusi, nimehakikisha mimi mwenyewe, akasema. Mzee naye akaanza kufoka, kwamba nimemvunjia heshima mwanawe. Ndiyo ugomvi wenyewe. Daktari akaniambia niwaombe radhi. Nikawaomba."

"Mke wa mwana alikuwepo?"

"Alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa akileta chakula, asubuhi na jioni. Cha hospitali mzee hakukionja." Sista alikunja tena mikono. "Nilitaka kurudi kumwuliza yeye pembeni. Nikaona haya. Nilikuwa nimeshaomba radhi."

Inspekta alikuwa ameshainuka.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa imejengwa na marehemu mwenyewe, na ilionekana: kona zimenyooka, ngazi sawasawa, hakuna ufa. Uani watu wachache walikaa kwenye viti vya kuazima, wakizungumza chini chini. Mkwe wa marehemu, mwanamke mnene mwenye macho yaliyovimba kwa kulia, alimpitisha Inspekta moja kwa moja jikoni, kwa sababu sebuleni kulikuwa na wageni.

"Mume wangu amelala, dada. Hajafumba jicho tangu juzi. Nimwamshe?"

"Bado. Nataka kujua baba mkwe wako alikuwa anakula nini."

"Tulichokula sisi. Ila chake hakitiwi chumvi. Daktari wa presha alikataza." Alianza kupanga sufuria ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Mwanzoni alisumbua sana. Alisema chakula changu ni kama kutafuna karatasi. Akawa anasusa, anakonda. Mimi ndiye mkwe, watu wangesema namnyima."

"Kisha?"

"Kisha akazoea."

Inspekta alitazama rafu. Kopo la chumvi la bati, limefunikwa. Kando yake, kikopo cha plastiki kisicho na maandishi, kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari. Alikichukua, akanyunyiza kidogo kiganjani, akaonja. Ilianza kama chumvi. Halafu ikageuka, ikawa chungu, ikaacha ulimini ladha kama ya kulamba kitasa cha mlango.

"Na hii?"

Mwanamke hakugeuka. "Hiyo ya baba."

"Ni chumvi?"

"Si chumvi. Ni ile ya wagonjwa wa presha. Mume wangu aliinunua duka la dawa, wakamwambia inakolea kama chumvi na haipandishi presha. Baba alifurahi! Mara ya kwanza alimaliza sahani, akaomba nyingine. Tangu hapo alikuwa anainyunyiza kama anayepanda mbegu, na sisi tunamwacha, si haina madhara?"

"Hospitali ulimpelekea?"

"Kila siku. Nilikuwa namfungia kwenye kikaratasi." Hapo aligeuka. "Kwa nini unauliza hivyo?"

"Pakiti yake ipo?"

Ilikuwepo kabatini, nusu. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kigeni, na nyuma yake maandishi madogo kama mayai ya chawa. Inspekta aliisogeza dirishani, akasoma. Yaliyomo: kloridi ya potasiamu. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: wenye ugonjwa wa figo na wanaotumia baadhi ya dawa za presha wasiitumie bila ushauri wa daktari.

Alitoa mfuko wa vielelezo, akatia pakiti, akafunga. Kikopo alikiacha mezani.

Mkwe aliutazama mfuko ule. Hakuwa mjinga. Rangi ilimtoka usoni polepole.

"Yule Sista aliuliza," alisema. "Aliuliza, chumvi ya aina yoyote. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli. Nilitaka kusema iko ile ya dukani. Lakini mume wangu alikuwa ameshajibu, mbele za watu. Ningesemaje juu ya neno lake?" Alikaa kwenye kigoda. "Dada, nakusihi. Usimwambie leo. Baba yake hata hajazikwa. Ukimwambia, umeua wawili."

"Yule Sista anapelekwa gerezani mchana. Ana mtoto mchanga asiyejua chupa."

"Mwachie kimya kimya. Sema tu umekosa ushahidi."

"Bila maelezo ya mtu wa nyumba hii, Mkuu hataelewa. Nina pakiti tu. Sina maelezo yaliyotiwa sahihi kwamba marehemu aliila."

"Mimi je? Mimi nitasema."

"Wewe hukuinunua. Na aliyemshtaki Sista ni yeye, Mkuu atataka neno lake."

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Mwana wa marehemu alisimama kizingitini, fulana imekunjamana, alama ya mto shavuni. Alikuwa fundi majokofu, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya zamani ya kuungua.

"Inspekta! Umekuja kutupeleka mahakamani? Ningekuwa nimeshavaa." Macho yake yakashuka mezani. "Mke wangu, hiyo ya baba mbona iko nje? Si nilisema vitu vyake visiguswe?"

Inspekta alitoa kalamu. Alijua kwamba akimweleza kwanza, mdomo ule usingefunguka tena kirahisi. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia njia.

"Ni ya nini?"

"Ilimrudishia baba hamu ya kula. Niliitafuta mwenyewe, maduka yote ya mjini, mpaka nikaipata."

"Aliitumia sana?"

"Kila tonge!" Karibu atabasamu. "Nilikuwa namnunulia pakiti kubwa. Hata wodini hakuikosa. Watu wanasema watoto wa siku hizi hawajali wazazi, waje waniulize mimi."

Mkewe alifunika uso kwa kanga. Inspekta aliandika neno kwa neno, akamwomba atie sahihi, na yule mtu akatia bila kusoma, kwa sababu yalikuwa maneno ya kusifu alivyomtunza baba yake. Kisha Inspekta akamweleza. Hakupunguza wala hakuongeza: figo, vidonge, pakiti, miguu. Alisema kwamba hakuna anayeweza kuthibitisha kwa hakika kamili, lakini njia nyingine zote zimefungwa na hii imeachwa wazi.

Mwana alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha kikohozi.

"Chumvi? Unaniambia chumvi? Amewapa kitu, huyo Sista. Amewahonga. Wenye duka waliniambia..." Akaishika meza. "Hospitali nzima ya madaktari haikuona, ije ione polisi? Kwa nini hawakuuliza anakula nini?"

Alisikia alichokisema. Inspekta aliona wakati kilipomfikia. Mwana aligeuka akamtazama mkewe, na mkewe, bila kutoa uso kwenye kanga, akatikisa kichwa taratibu: usiniulize mimi.

Simu ikalia. Mkuu.

"Gari liko mlangoni," alisema. "Una kitu au huna?"

"Ninacho. Chumvi ya badala, kloridi ya potasiamu tupu, na maelezo yaliyotiwa sahihi kwamba marehemu aliila kila siku mpaka wodini. Msimpandishe garini."

"Maelezo ya nani?"

"Ya mwanawe."

"Yule yule? Inspekta, mtu huyu asubuhi alitaka huyo mwanamke anyongwe. Akifika mahakamani akageuka, mimi nitasimama wapi? Yuko hapo? Amekubali?"

Inspekta alimtazama fundi majokofu. Alikuwa ameketi sasa, kiganja kimefunika kikopo cha plastiki, kama anayezuia kisimwagike. Ukutani saa ilikuwa inagonga.

"Mkuu anauliza kama unasimamia ulichotia sahihi," alimwambia. "Unaweza kukataa. Ukikataa, gari linaondoka na Sista."

Uani mtu alipiga chafya, wengine wakamwombea afya. Kisha mwana akaondoa mkono kwenye kikopo, akaunyoosha, kiganja juu, na Inspekta akampa simu.

"Mkuu," alisema, "ni mimi, mtoto wa marehemu. Yule Sista mwacheni aende kwake. Aliuliza. Ni mimi niliyejibu."

Aliendelea kuishikilia simu sikioni, ingawa Mkuu alikuwa ameshasema gari litaondoka bila Sista, akakata.